Jinsi ya Kuziba Uvujaji wa Oili ya Injini Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Asiye Fundi

Malalamiko ninayoyapokea kuhusu kazi hii yanafanana sana. Mtu amenunua gasketi mpya, yaani kipande cha kuzibia maungio ya vyuma, ameifunga kwa bidii, na baada ya siku chache anakuta doa lilelile la oili chini ya gari. Mara nyingi gasketi yake haikuwa mbovu, bali ilifungwa mahali ambapo hapakuwa na tatizo. Oili huanza kutoka sehemu moja, ikateremka polepole kwenye ubavu wa injini, ikasukumwa nyuma na upepo gari linapotembea, na mwishowe ikadondoka kutoka sehemu nyingine kabisa. Anayetengeneza pale inapodondoka hupoteza fedha na siku yake. Ndiyo maana mwongozo huu unatumia nafasi kubwa katika kutafuta chanzo, na kufungua boliti kunakuja baadaye.

Maelezo yanahusu gari dogo la petroli lenye injini ya silinda 4, ingawa hatua nyingi hazibadiliki kwa injini ya dizeli. Sehemu zitakazoshughulikiwa ni zile ambazo mtu mwangalifu asiye fundi anaweza kuzimudu: boliti ya kumwagia oili, filta, swichi ya presha ya oili, gasketi ya tapeti kava, yaani kifuniko cha juu kinachofunika valvu, na gasketi ya sampu, yaani bakuli la chini linalohifadhi oili.

## Vifaa vya kuandaa

Kusanya kila kitu kabla ya kuanza, kwa sababu gari lililofunguliwa haliwezi kukupeleka dukani.

- Kitabu cha ukarabati cha aina hiyo ya gari, kinachoonyesha kiasi cha oili na nguvu ya kukaza kila boliti.
- Spana na soketi, hasa namba 8, 10, 12, 14 na 17, pamoja na kiungio kirefu cha kufikia boliti zilizojificha.
- Spana inayopima nguvu ya kukaza, na iwe ndogo yenye kuanzia Nm (newton-mita) 5 hivi. Ile kubwa ya kukazia nati za magurudumu haiwezi kupima nguvu ndogo inayohitajika hapa.
- Jeki, stendi 2 imara na kabari za magurudumu.
- Dawa ya kuondoa grisi, dawa ya kusafishia breki, brashi na vitambaa visivyoacha nyuzi.
- Kikwangulio cha plastiki cha kuondolea mabaki ya gasketi.
- Nyundo ya mpira, beseni la kupokelea oili, faneli, tochi, glavu na miwani ya kukinga macho.
- Poda nyeupe ya talki na kadibodi kubwa safi.
- Silikoni ya gasketi inayostahimili joto na oili.
- Oili ya daraja linalotajwa katika kitabu cha gari.

Gasketi usiinunue bado. Subiri hadi Hatua ya 4 ikuonyeshe ni ipi inayohitajika, kisha uitafute kwa namba ya injini na ya chasisi. Kuna injini za jina moja zilizobadilishwa umbo la tapeti kava katikati ya miaka ya kutengenezwa kwake, na gasketi inayokaribia kufanana huvuja tangu siku ya kwanza.

## Hatua ya 1: Hakikisha kinachovuja ni oili ya injini

Laza kadibodi chini ya injini usiku kucha na uiwekee alama inayoonyesha upande wa mbele wa gari. Asubuhi chunguza rangi, harufu na mahali pa doa.

Oili ya injini huwa ya rangi ya asali ikiwa mpya na ya kahawia iliyokolea au nyeusi ikiwa imetumika, na huteleza kati ya vidole. Oili ya giaboksi ya otomatiki na ile ya usukani kwa kawaida ni nyekundu au nyekundu iliyofifia. Maji ya rejeta yaliyochanganywa na dawa huwa ya kijani, waridi, bluu au rangi ya chungwa, na hayashiki vidoleni kama oili. Maji matupu yasiyo na rangi wala harufu hutoka kwenye kiyoyozi, na hayo si kasoro. Ukiona kimiminika chepesi cha njano hafifu karibu na gurudumu au chini ya kanyagio, huenda ni mafuta ya breki, na gari hilo lisiendeshwe hata kidogo mpaka breki zikaguliwe.

Kisha pima oili. Gari likiwa mahali tambarare na injini ikiwa imezimwa kwa dakika 10 hivi, chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe hadi mwisho na ukichomoe tena. Katika magari mengi madogo, nafasi kati ya alama ya chini na ya juu ni kama lita 1. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza kabla ya kuwasha injini kwa ajili ya vipimo vinavyofuata. Ikiwa juu ya alama ya juu, ipunguze, kwa sababu oili iliyozidi hupigwa na krenki shafti, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, hadi ikatoa povu, na inaweza kusukumwa nje kupitia sili, yaani mipira inayozuia oili kutoka.

Tahadhari: taa nyekundu ya presha ya oili ikiwaka injini inapofanya kazi, izime papo hapo. Injini inaweza kuharibika ndani ya dakika chache ikikosa presha.

## Hatua ya 2: Liweke gari salama

Egesha kwenye sakafu ngumu na tambarare, vuta breki ya mkono, weka gia na uzuie magurudumu ya nyuma kwa kabari. Inua kwa jeki katika sehemu zilizoonyeshwa kwenye kitabu cha gari, weka stendi 2, ushushe gari lizikalie, kisha ulisukume kwa mkono kutoka ubavuni. Likicheza, lishushe uanze upya.

Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa kuokota soketi iliyodondoka. Jeki ya haidroliki hushikilia mzigo kwa sili ndogo ndani yake, nayo sili hiyo inaweza kushindwa bila dalili yoyote.

## Hatua ya 3: Safisha injini kabla ya kuhukumu

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo inayowarudisha mwanzo. Injini iliyojaa tope la oili na vumbi la miaka haiwezi kukuonyesha chochote, kwa kuwa kila sehemu imelowa.

Fanya kazi hii injini ikiwa imepoa kabisa. Funika alteneta, koili za plagi, viunganishi vya waya na mdomo wa hewa kwa mifuko ya plastiki. Puliza dawa ya kuondoa grisi, iache ifanye kazi kwa dakika 10, sugua kwa brashi kuanzia juu kwenda chini, kisha futa. Kwenye maungio ya tapeti kava na ya sampu malizia kwa dawa ya kusafishia breki, ambayo hukauka haraka bila kuacha utando.

Tahadhari: petroli isitumike kusafishia injini. Mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo tu ya waya. Dawa ya kusafishia breki nayo inawaka upesi, hivyo fanya kazi mahali penye hewa ya kutosha na usubiri kila kitu kikauke kabla ya kuwasha gari. Maji ya kasi kubwa pia yaepukwe, maana huingia kwenye viunganishi na kuleta matatizo mapya ya umeme.

Utajua umefaulu utakapopitisha kitambaa cheupe kwenye maungio yote unayoweza kuyafikia, nacho kikatoka bila weusi.

## Hatua ya 4: Tafuta chanzo, kisha kithibitishe

Paka poda ya talki kiasi kidogo kwenye maungio yote unayoyashuku, ukiiweka mbali na mikanda na mdomo wa hewa. Gia ikiwa huru, washa injini iache silensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, kwa dakika 15, kisha izime na utazame kwa tochi. Poda kavu hubaki nyeupe, na pale oili inapotoka hugeuka kuwa mstari wa kijivu au wa kahawia. Pasipoonekana kitu, endesha gari kilomita 10 hadi 15 na urudi kutazama tena, kwa kuwa uvujaji mwingine hujitokeza tu oili ikiwa moto na nyepesi.

Kanuni ya kusoma unachokiona ni hii: fuata unyevu hadi sehemu iliyo juu zaidi na mbele zaidi, ambayo juu yake ni pakavu. Hapo ndipo penye chanzo. Sehemu usiyoiona kwa macho, kama vile nyuma ya injini karibu na ukuta wa gari, ipige picha kwa simu ukiwa umewasha mwanga wake.

Dalili za kila sehemu hutofautiana:

- Tapeti kava: mstari wa oili chini ya ungio, mara nyingi kwenye kona za nyuma. Oili ikiteremka hadi kwenye ekzosi utasikia harufu ya kuungua gari linaposimama, na hapo uvujaji umekuwa hatari ya moto.
- Matundu ya plagi: ukichomoa koili unakuta ncha yake imelowa oili. Chanzo ni sili za duara zilizo kwenye tapeti kava, na injini huanza kukosa kuchoma vizuri.
- Filta: juu yake ni pakavu, na ukingo wake umelowa pande zote.
- Swichi ya presha: chomoa kiunganishi chake cha waya. Ukikuta oili ndani ya kiunganishi, swichi imepasuka ndani na haitengenezeki kwa kukazwa.
- Sampu: ungio lake limelowa, ilhali ubavu wa injini ulio juu yake ni mkavu.
- Sili ya mbele ya krenki shafti: oili imerushwa kwa mduara kuzunguka puli.
- Sili ya nyuma ya krenki shafti: oili inadondoka pale injini inapoungana na giaboksi.

Hiyo ya mwisho naomba uichukulie kwa uangalifu mkubwa. Oili inayotoka kwenye kona ya nyuma ya tapeti kava hushuka mgongoni mwa injini na kudondoka palepale pa sili ya nyuma. Kubadilisha sili ya nyuma kunahitaji kushusha giaboksi, kazi ya siku nzima na ya gharama kubwa, na si haki mwenye gari ailipie wakati tatizo ni gasketi ya juu inayobadilishwa kwa saa 2. Kabla ya kukubali hukumu ya sili ya nyuma, pitisha kidole chenye kitambaa safi nyuma ya tapeti kava.

Ukishindwa kwa poda, tumia rangi maalumu inayochanganywa na oili na kung'aa chini ya taa ya urujuanimno. Fuata kipimo cha kwenye chupa, endesha gari kwa muda mfupi, kisha mulika gizani.

Umefaulu katika hatua hii unapoweza kuweka ncha ya kidole mahali pamoja na kusema oili inaanzia hapa. Kama bado unasema labda hapa au pale, rudia kusafisha na kupaka poda.

## Hatua ya 5: Kagua upumuaji wa injini

Gasketi mpya huvuja tena kwa sababu ambayo wengi hawaifikirii. Injini inapofanya kazi, gesi kidogo hupenya kando ya pistoni na kuingia sehemu ya chini yenye oili. Gesi hiyo hutolewa kupitia valvu ndogo ya PCV na mpira wake, ikarudishwa kwenye hewa inayoingia injini ili ikachomwe. Valvu hiyo ikiziba kwa tope, gesi hukosa pa kutokea, presha hupanda, na oili husukumwa nje kupitia ungio lililo dhaifu kuliko mengine. Ukibadilisha gasketi na kuiacha valvu imeziba, presha itatafuta pengine pa kutokea.

Injini ikiwa moto na iko silensa, fungua kifuniko cha kujazia oili na uweke karatasi nyepesi juu ya tundu. Katika injini nyingi karatasi huvutwa chini kidogo au hutulia. Ikirushwa juu kwa nguvu mfululizo, kuna presha. Zima injini, chomoa valvu na uitikise sikioni: ile ya kawaida yenye kipini ndani hugonga. Isipogonga, au mpira wake ukiwa umejaa tope au umepasuka, badilisha vyote viwili. Katika baadhi ya injini mpya valvu hii imejengwa ndani ya tapeti kava kwa utando wa mpira, na ukichanika hutoa sauti ya mluzi. Hapo kitabu cha gari kitakueleza kama utando unauzwa peke yake au pamoja na kifuniko chote.

Valvu ikiwa nzima na bado moshi unatoka kwa nguvu kwenye tundu la oili, yaelekea ringi za pistoni zimechakaa. Tatizo hilo haliwezi kuondolewa na gasketi yoyote, nami nakusihi usitumie fedha zako kwenye gasketi kabla ya fundi kupima kompresha ya silinda, yaani nguvu ya mgandamizo ndani yake.

## Hatua ya 6: Marekebisho mepesi

Boliti ya kumwagia oili. Washa yake, yaani pete ndogo bapa ya shaba, alumini au nyuzinyuzi, hubanwa mara moja ikachukua umbo la mahali pake, na ndiyo sababu ibadilishwe kila oili inapomwagwa. Mwaga oili ikiwa vuguvugu, futa uso wa sampu, weka washa mpya na uanze kuizungusha boliti kwa vidole. Ikigoma, itoe uanze tena, kwani boliti iliyoingia upande hukata nyuzi za kuzungushia boliti kwenye sampu ya alumini kwa urahisi. Magari mengi madogo yanahitaji Nm 25 hadi 40, lakini fuata kitabu cha gari lako.

Filta ya oili. Ukiitoa ya zamani, tazama kama mpira wake wa duara umetoka nayo. Mpira ukibaki umeganda kwenye injini na filta mpya ikafungwa juu yake, injini inaweza kumwaga oili yote ndani ya dakika chache. Paka oili safi kidole kimoja kwenye mpira wa filta mpya, izungushe kwa mkono hadi mpira uguse, kisha ongeza takriban robo 3 za mzunguko. Usiikaze kwa spana.

Swichi ya presha. Toa waya wa betri kwenye nguzo hasi, chomoa kiunganishi na uifungue kwa soketi ndefu. Nyuzi za swichi mpya zikiwa na kizibo tayari, usiongeze kitu. Zikiwa tupu, paka kizibo cha nyuzi kidogo sana, ukiacha mizunguko 2 ya mwanzo ili kisiingie kwenye njia ya oili. Kaza kwa kiasi tu, kwa sababu shingo yake hukatika.

## Hatua ya 7: Gasketi ya tapeti kava

Huu ndio uvujaji unaojitokeza mara nyingi katika magari yaliyotembea sana, na pia ndiko makosa mengi hufanyika. Jipe nafasi na usifanye kwa haraka.

Kufungua. Injini iwe baridi. Toa waya hasi wa betri. Piga picha za kila kiunganishi na kila mpira kabla ya kuvigusa. Chomoa viunganishi vya koili kwa kubonyeza kibanio chake bila kuvuta waya, fungua boliti za koili na uzitoe moja baada ya nyingine ukizipanga kwa mfuatano. Ukikuta oili ndani ya matundu ya plagi, ifyonze kwa kitambaa kabla ya kufikiria kufungua plagi. Vinginevyo itaingia kwenye silinda.

Safisha kingo zote za kifuniko, maana kila punje ya mchanga iliyopo hapo itaangukia kwenye shafti ya valvu. Legeza boliti za kifuniko kidogokidogo kuanzia za pembeni kuelekea katikati. Kikiwa kimeganda, kigonge ubavuni kwa nyundo ya mpira. Usichomeke bisibisi kwenye ungio: mkwaruzo mmoja juu ya alumini ni njia mpya ya oili.

Kusafisha. Gasketi ya zamani utaitambua mara moja. Mpira mzima hupindika na kurudi. Huu umekuwa mgumu, bapa upande mmoja, na ukiukunja unakatika. Utoe wote kwenye mfereji wake, pamoja na sili za matundu ya plagi. Ziba nafasi zilizo wazi za injini kwa vitambaa safi, kwangua mabaki kwa plastiki, kisha futa uso wa injini na mfereji wa kifuniko kwa kitambaa chenye dawa ya breki. Usipulize dawa moja kwa moja ndani ya injini, na usitumie msasa. Hesabu vitambaa ulivyoviweka, uvihesabu tena unapovitoa.

Weka rula iliyonyooka kwenye ukingo wa kifuniko. Cha plastiki kilichopinda au chenye ufa hakitazibwa na gasketi yoyote, hivyo kibadilishwe.

Kufunga. Gandamiza gasketi mpya ndani ya mfereji ikiwa kavu, kona zote zikae chini sawasawa. Kupaka silikoni gasketi nzima ya mpira ni kosa, kwa sababu huifanya iteleze na kutoka mahali pake kifuniko kinapobanwa. Silikoni inatakiwa katika sehemu chache tu: pale kifuniko cha taiming, yaani cha mkanda au mnyororo unaoendesha valvu, kinapokutana na kichwa cha injini, na kwenye pembe za maumbo ya nusu duara. Katika sehemu hizo vyuma 2 hukutana na kuacha kijiufa chembamba ambacho mpira peke yake haukijazi. Tone dogo linatosha.

Shusha kifuniko wima bila kukiburuta, hakikisha hakuna waya uliobanwa, kisha zungusha boliti zote kwa vidole. Anza kukaza kutoka katikati kwenda pembeni kwa kupishana, mzunguko wa kwanza kwa nusu ya nguvu, wa pili kwa nguvu kamili. Boliti hizi ni ndogo, na katika injini nyingi zinahitaji Nm 8 hadi 10 tu, kiasi ambacho mkono uliozoea nati za magurudumu utaona ni kidogo mno. Boliti nyingine zina bega linalogonga mwisho, na zikifika hapo hazipaswi kuongezwa. Ukikaza kupita kiasi gasketi hupondwa, kifuniko hupinda kati ya boliti na boliti, na uvujaji unarudi ukiwa mbaya zaidi.

Rudisha koili, mipira na viunganishi kwa kufuata picha. Ikiwa umetumia silikoni, subiri muda ulioandikwa kwenye tyubu yake kabla ya kuwasha. Nyingi hukomaa kikamilifu baada ya saa 24.

Kazi nzuri huonekana hivi: ukingo wa gasketi umechungulia kwa usawa pande zote, na hakuna sehemu iliyovimba nje wala iliyoingia ndani.

## Hatua ya 8: Gasketi ya sampu

Kwanza jaribu boliti zote za sampu kwa spana yenye kipimo. Zikiwa zimelegea, kuzirudisha kwenye nguvu yake kunaweza kumaliza kazi. Tazama pia kama sampu inaweza kushuka bila kuondoa ekzosi au boriti ya chini ya injini. Kama haiwezi, mpe fundi, kwa kuwa kuning'iniza injini nyumbani ni hatari nisiyoweza kukushauri.

Mwaga oili, fungua boliti ukibakiza za kona, iachanishe sampu kwa kuigonga taratibu, kisha uishushe. Safisha nyuso zote mbili hadi zisiwe na chembe wala mafuta. Sampu ya bati huwa imebonyea kuzunguka matundu ya boliti kwa sababu ya kukazwa mno. Ilaze ukingo wake juu ya ubao bapa na uyagonge mabonyeo kwa nyundo hadi yanyooke. Ya alumini usiigonge.

Baadhi ya sampu hazina gasketi kabisa na hufungwa kwa silikoni tupu. Paka mstari mmoja usiokatika, wenye unene wa milimita 3 hivi, ukipita upande wa ndani wa matundu ya boliti. Usiongeze kwa kuhofia kwamba haitoshi. Inayozidi hujiminya ndani, ikakatika vipandevipande na kuziba chujio la pampu ya oili, na injini iliyokosa oili haiponi. Inua sampu mara moja, kabla silikoni haijaanza kukauka juu, kaza boliti kwa kupishana, na usijaze oili mpaka muda wa kukomaa upite.

## Kazi za kumwachia fundi, na dawa za kumimina

Sili ya mbele iliyojificha nyuma ya mkanda wa taiming, sili ya nyuma ya krenki shafti, kifuniko cha taiming na gasketi ya kichwa cha injini vinahitaji vifaa maalumu, na mpangilio wa taiming ukikosewa valvu zinaweza kugongana na pistoni. Picha ulizopiga katika Hatua ya 4 mpelekee fundi. Zitampunguzia kazi ya kubahatisha.

Dawa za kuzuia uvujaji zinazomiminwa kwenye oili hulainisha na kuvimbisha mpira wa sili kidogo. Zinaweza kupunguza uvujaji hafifu wa sili iliyokauka, lakini hazizibi gasketi iliyokatika, na sioni sababu ya kuzitumia pale ambapo sehemu yenyewe inafikika kwa spana. Kubadili kwenda oili nzito kuliko ilivyoagizwa nako si tiba, maana hufika polepole kwenye sehemu za juu injini inapowashwa asubuhi.

## Hatua ya 9: Jaza, jaribu, thibitisha

Jaza oili kiasi kilichotajwa kitabuni, ukibakiza kidogo na kupima kwa kijiti kabla ya kumalizia. Funga kifuniko, rudisha betri, washa. Taa ya presha izime ndani ya sekunde chache. Isipozima, zima injini na utafute sababu.

Iache silensa kwa dakika 10 huku ukitazama sehemu uliyoitengeneza. Zima, subiri, pima oili tena na uongeze ile iliyoingia kwenye filta mpya. Moshi mdogo kutoka kwenye ekzosi unaweza kuonekana mwanzoni ikiwa mabaki ya oili yalibaki juu yake, nao unapaswa kuisha. Ukizidi au ukiona mwali, zima mara moja.

Kisha endesha kilomita 15 hadi 20, rudi, mulika kwa tochi, na ulaze kadibodi mpya chini ya injini hadi asubuhi. Gasketi za koki, yaani gamba la mti kama la vizibo vya chupa, ambazo bado zipo katika magari ya zamani, hukaa chini baada ya joto la kwanza, hivyo kagua nguvu ya boliti zake injini ikishapoa. Za mpira haziguswi tena.

Oili chakavu iweke kwenye dumu lenye kifuniko na uipeleke kwa wanaoikusanya, maana ikimwagwa ardhini au kwenye mfereji huharibu maji ya watu wengi. Vitambaa vilivyolowa viweke kwenye kopo la chuma lenye kifuniko, mbali na moto. Nawa mikono kwa sabuni hata kama ulivaa glavu, kwa kuwa oili iliyotumika ina kemikali zinazodhuru ngozi na zinazohusishwa na saratani.

Kwa wiki 2 zinazofuata pima oili kila baada ya siku 3 au 4 na upitishe kitambaa cheupe kwenye ungio jipya. Kijiti kikibaki palepale na kitambaa kikitoka kikavu, kazi imekamilika. Kijiti kikishuka huku kitambaa na kadibodi vikiwa vikavu, oili inaungua ndani ya injini, na uchunguzi uhamie kwenye ringi za pistoni na sili za valvu.